Mbio za baiskeli za milimani Kigoma mwezi wa 11: mwongozo kwa wanaoanza

Kila ikifika mwezi wa 9 na wa 10 maswali ni yale yale. Baiskeli yangu ya mtumba inafaa? Nijaze upepo kiasi gani? Asubuhi nile nini? Mvua ikinyesha inakuwaje? Nimeamua niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza atumiwe hii asome. Namuandikia yule anayeendesha baiskeli kwenda kazini au wikiendi na washkaji, hana kocha, hana timu, anataka tu asimame kwenye mstari na wenzake na amalize mzima. Kama unatafuta kushinda, hii itakusaidia nusu ya safari, iliyobaki ni miaka ya mazoezi.

Jambo la kuelewa kabla hujatafuta hata spana: mwezi wa 11 huku kwetu mvua zimeshaanza, lile vumbi la kiangazi limeshakuwa tope jekundu linalonata, na milima yetu haina huruma, ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari alafu milima ya kule Manyovu inapita mita 1,500. Kwahiyo mbio za wakati huu haziamuliwi na mapafu peke yake, zinaamuliwa na tairi, breki na tumbo. Wapo vijana wana nguvu kweli kweli wanaachwa kwenye mlima wa kwanza kwasababu wamekuja na tairi za lami.

Na video nyingi mnazoangalia YouTube zimerekodiwa Ulaya, kule mwezi wa 10 na wa 11 ni baridi, wanakimbia kwenye majani yaliyodondoka na tope la barafu, ndio maana wanawaambia mvae nguo tatu tatu na glavu nene. Mbinu zao za kupita kwenye tope chukua, zinafanya kazi. Ya mavazi achana nayo, hapa utachemka.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Baiskeli ya mlimani yenye gia na breki mbili zinazoshika. Mtumba unatosha kabisa.
- Helmeti. Hili halina mjadala, kama huna usipande, na ikishawahi kugonga chini kwa nguvu au ina ufa tafuta nyingine.
- Tyubu ya akiba moja (mbili ni bora), pampu ndogo, viraka, solusheni, msasa.
- Vijiti vya plastiki vya kutolea tairi. Ukitumia bisibisi utatoboa tyubu mpya dakika hiyo hiyo unayoiweka.
- Spana za L, na kifaa cha kutolea pini ya cheni kama unaweza kukipata.
- Kipande cha mpira wa tyubu ya zamani, ule wa kufungia mizigo. Unafunga kitu chochote kilicholegea.
- Chupa mbili za maji, glavu nyepesi, miwani isiyo na giza ya kuzuia tope machoni.
- Simu kwenye mfuko wa nailoni iliyofungwa vizuri, na hela kidogo ya bodaboda ikishindikana.

Kuhusu tyubu ya akiba, angalia valvu yake. Kuna nyembamba ya kufungua kichwa, kuna nene kama ya pikipiki, na kuna ile ya baiskeli zetu za kawaida. Hakikisha inaingia kwenye tundu la rimu yako na pampu yako inaikubali. Kufika porini na pampu isiyoingia kwenye valvu ni kutembea kwa mguu.

HATUA KWA HATUA

1. Ijue njia kabla.

Waulize waandaaji ni kilomita ngapi, ni mzunguko unaorudiwa au ni kwenda na kurudi, maji yanatolewa wapi, gari la huduma ya kwanza linakaa wapi. Alafu nenda mwenyewe ukaipite, na ukiweza ipite siku moja baada ya mvua. Njia kavu na njia ya tope ni njia mbili tofauti. Weka kichwani sehemu tatu: mlima mrefu kuliko yote, mteremko mkali kuliko yote, na kila palipo na daraja la magogo au mtaro unaokata barabara. Magogo yakilowa yanateleza vibaya, unayakata moja kwa moja, usukani umenyooka, breki umeziachia.

2. Kagua baiskeli, na kama ni mtumba kagua mara mbili.

Igeuze juu chini mchana kweupe. Angalia fremu pale mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani na karibu na pedali, kama rangi imepasuka kwa mstari hapo panaweza kuwa na ufa. Zungusha kila tairi, ikicheza kushoto kulia mpeleke fundi akaze spoku. Shika tairi uisukume kwa pembeni, ikigonga gonga gololi zimelegea.

Sasa sikiliza hii vizuri maana inaumiza watu. Mitumba inatoka nchi tofauti. Baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, za nchi nyingine nyingi za Ulaya na Marekani breki ya mbele iko kushoto. Unanunua baiskeli, unashuka kilima, unabana mkono uliouzoea ukijua ni breki ya nyuma, kumbe ni ya mbele, unaruka juu ya usukani. Kabla ya kitu chochote bonyeza kila mkono ujue unashika wapi, na kama ni tofauti na ulivyozoea fundi azibadilishe waya, ni kazi ndogo.

Padi za breki za rimu zina mifereji, mifereji ikishafutika weka mpya. Usiseme zitanisogeza, tope letu lina mchanga na mchanga unakula padi haraka sana, padi iliyobaki nusu inaweza kuisha siku moja. Kama una breki za diski, usipake wala kupulizia oili karibu na diski. Padi ikinywa oili haishiki tena.

Cheni ipime na rula. Anza katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, inatakiwa isome sentimita 30.5. Ikifika 30.8 imeshatanuka, itaruka ukiwa unapanda na itakula gia zako. Badilisha mapema, angalau wiki mbili kabla, usibadilishe jioni ya kuamkia mbio.

Wanaouliza kuhusu Phoenix na zile nyingine za breki za vyuma: kwenye njia tambarare unamaliza, zile baiskeli ni ngumu na wazee wetu wanabebea mikungu ya ndizi na madumu ya mawese kila siku. Ila kwenye mteremko wa tope ile breki ikilowa haishiki, na mimi sikushauri kabisa. Azima yenye gia.

3. Tairi na upepo.

Hapa ndipo pesa yako ianzie, kabla ya jezi, kabla ya viatu. Tairi yenye meno makubwa yaliyoachana, upana wa inchi 2.0 mpaka 2.2 kama fremu inaruhusu. Meno yaliyosongamana yanajaa tope dakika mbili tu na tairi inakuwa laini kama haina meno kabisa. Hakikisha kuna nafasi kati ya tairi na fremu, kidole kipite kila upande, la sivyo tope litajaa hapo na gurudumu litagoma kuzunguka. Tairi nyingi zina mshale ubavuni, ufuate.

Upepo: kosa la wengi ni kujaza mpaka tairi inakuwa jiwe, wakiamini ndio itakimbia. Kwenye lami sawa. Kwenye tope na mawe tairi ngumu inadunda na kuteleza. Kwa mtu wa kilo 60 mpaka 75 mwenye tyubu kwenye tairi ya 2.1 au 2.2, anza na psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 30 mbele na 33 nyuma. Tope tupu punguza 2, mawe mengi ongeza 3, wewe ni mzito zaidi ongeza tena. Ukishusha sana nako utapata pancha ya kubanwa na rimu, utaijua kwasababu inaacha matundu mawili yamekaa sambamba.

Ukikosa geji, kalia baiskeli mwenzio aangalie: tairi ya nyuma inatakiwa ibonyee kidogo chini, na ukipita juu ya jiwe usisikie rimu ikigonga.

Jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe nyumbani mpaka iwe kawaida. Ukishatoa tyubu iliyotoboka usikimbilie kuweka mpya, tafuta kwanza kilichotoboa. Chukua kitambaa, kipitishe taratibu ndani ya tairi kuzunguka yote, kitanasa kwenye mwiba. Mara nyingi mwiba umebaki ncha tu, kwa nje huuoni, unaung'oa kwa kuusukuma kutoka ndani. Ukiuacha, tyubu mpya haimalizi kilomita mbili. Na kwenye kiraka: sugua na msasa, paka solusheni, SUBIRI ikauke mpaka isiwe inang'aa, kama dakika 3 mpaka 5, ndio ubandike. Viraka vingi vinavyobanduka ni vile vilivyobandikwa solusheni ikiwa mbichi.

4. Weka kiti sawa.

Kaa kwenye baiskeli, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Basi. Ukihamia kukanyaga na mbele ya mguu, goti litakunjika kidogo na ndio inavyotakiwa. Kiti cha chini sana kinaua magoti na wengi wanakiweka chini ili miguu ifike ardhini. Weka alama na kalamu, ukikishusha kwa ajili ya mteremko ujue pa kukirudisha.

5. Mazoezi, wiki sita zinatosha kumaliza.

Mara tatu kwa wiki. Siku moja milima: anzia stesheni upande Lumumba mpaka Mwanga, rudi chini, panda tena, wiki ya kwanza mara tatu, ongeza moja kila wiki. Siku moja njia za vumbi na tope, taratibu, unajifunza baiskeli inavyoteleza. Wikiendi safari ndefu, ya masaa 2 mpaka 3, kwa mfano kutoka mjini kupita Mwandiga kuelekea barabara ya Manyovu, huko vilima vipo vya kutosha. Barabara ya lami kaa kushoto kabisa, vaa nguo inayoonekana, malori na noah hazikusubiri.

Wiki ya mwisho punguza nusu. Siku mbili za mwisho endesha nusu saa tu kulegeza miguu. Mazoezi ya siku moja kabla hayakuongezei chochote, yanakuchosha.

6. Jifunze tope na mteremko.

Kupanda: badili gia kabla ya mlima, sio ukiwa katikati unalia. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu cheni itakatika au itaruka. Kaa kwenye kiti, sogea mbele kwenye ncha yake, inamisha kifua, kanyaga kwa mwendo mmoja laini. Ukisimama kwenye pedali mlima ukiwa na tope, uzito unatoka nyuma na tairi inazunguka bure.

Kushuka: simama kwenye pedali, zote mbili ziwe usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, makalio nyuma ya kiti. Macho mbele mita kumi, kumi na tano, usiangalie tairi yako na usilikodolee macho shimo unaloliogopa, maana baiskeli inakwenda unapoangalia. Kidole kimoja au viwili kwenye breki muda wote. Punguza mwendo KABLA ya kona, ukiwa umenyooka, alafu ndani ya kona achia. Breki ya mbele ukiibana ndani ya kona ya tope unalala chini saa hiyo hiyo, hakuna mjanja.

Tope zito lisilopitika: shuka. Sio aibu, hata wanaolipwa wanashuka na kubeba. Ibebe begani ukiweza, maana ukiikokota tope inazidi kujikusanya. Na gurudumu la nyuma likigoma kuzunguka usilazimishe kwa pedali, kile kimkono kinachoning'inia chini ya gia za nyuma kitavutwa kiingie kwenye spoku, na hapo mbio zako zimeisha na hela ya mwezi imeisha. Simama, tafuta kijiti, chokonoa, endelea.

7. Chakula na maji.

Usiku wa kuamkia mbio kula ugali au wali wako wa kawaida na migebuka, lala mapema. Asubuhi kula masaa mawili au matatu kabla ya kuanza: uji, ndizi za kuchemsha, chapati, viazi vitamu. Maharage na vitu vilivyoungwa na mawese mengi viache mpaka jioni, navipenda kama unavyovipenda ila mafuta na maharage yanakaa tumboni na mlima wa kwanza utayakumbuka.

Njiani kunywa nusu lita mpaka robo tatu ya lita kila saa, kidogo kidogo, usisubiri kiu. Chupa moja maji matupu, nyingine tengeneza hii: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni ile ile ya kumpa mtu anayeharisha, na chumvi usiizidishe. Mbio zikizidi saa moja unahitaji na kula: ndizi mbivu moja kila nusu saa mpaka dakika 45, au asali, sisi wa magharibi asali tunayo mpaka ya jirani zetu wa Tabora, weka kwenye chupa ndogo ya kubana unyonye njiani ukishushia na maji.

Kitu ambacho hujawahi kula au kunywa kwenye mazoezi usikijaribu siku hiyo. Hasa vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani.

8. Siku yenyewe.

Fika lisaa limoja kabla ya kuanza. Jaribu breki zote, kaza ekseli, angalia upepo, paka oili kwenye cheni kisha ifute na kitambaa, oili ya ziada inakusanya mchanga tu. Zunguka dakika 10 mpaka 15 ukipasha mwili.

Kwenye kuanza wanaoanza wanafanya kosa moja, wanaondoka mbio na kundi la mbele alafu dakika ya kumi wamekwisha. Kaa nyuma au katikati, dakika 15 za kwanza uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Utawapita wengi baadaye, kwenye mlima wa pili. Anayetaka kukupita mpishe, na wewe ukitaka kupita paza sauti, sema upande: "kulia!" Mtu akianguka mbele yako simama umuulize. Mbio zetu ni za kujuana.

9. Ukimaliza.

Usikae chini hapo hapo, zunguka kidogo, kunywa, kula ndani ya saa moja. Baiskeli ioshe siku hiyo hiyo kabla tope halijakauka, kwa ndoo na brashi. Ile mashine ya kuoshea magari usiielekeze kwenye gololi na ekseli, inaingiza maji ndani na kutoa grisi. Na msiingie nazo kwenye vidimbwi wala kwenye kingo za ziwa zenye majani kuoshea, nawasihi, kichocho kipo ziwani na mtu anakaa nusu saa maji ya magotini huku anasugua rimu. Chota maji, oshea juu.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu: cheni imetanuka, au gia za nyuma zimelika, au waya wa gia umelegea. Waya unakazwa kwa kile kinati kidogo cha kuzungusha pale waya unapoingilia, robo mzunguko robo mzunguko. Ukiweka cheni mpya kwenye gia zilizolika itaruka vile vile, badilisha vyote.

Cheni imekatika njiani: toa kile kipande kibovu, unganisha iliyobaki, itakuwa fupi kidogo kwahiyo usitumie gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma.

Pancha mbili mfululizo sehemu ile ile: mwiba umebaki kwenye tairi, au ule utepe unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu umehama. Funika na tepu.

Breki inapiga kelele lakini haishiki: padi zimejaa mchanga. Simama, mwagia maji, futa. Ikifika mpaka mkono unagusa usukani, shuka utembee mteremko huo.

Pedali ya kushoto haifunguki: unaizungusha upande mbaya. Ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, kwa kufuata mwelekeo wa saa.

Msuli umekaza: shuka, nyoosha taratibu, kunywa ile chupa ya chumvi na sukari, endelea kwa gia nyepesi.

Kizunguzungu, baridi wakati kuna jua, au unaacha kutoka jasho: mbio zimeisha kwako leo. Kaa kivulini, jimwagie maji, ita watu wa huduma ya kwanza.

Mvua na radi: mvua peke yake sio tatizo, radi ni tatizo kubwa na huku kwetu zinaua. Ukisikia ngurumo karibu ukiwa juu ya kilima shuka bondeni, usijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake, ingia kwenye nyumba au gari, subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Waandaaji wakisimamisha mbio msibishane nao.

Umeamka na homa siku ya mbio: usipande hata kama umeshalipa kiingilio. Nenda kapime malaria kwanza, mpigie mwandaaji umwambie, na kama una rafiki aliyekosa baiskeli muulize mwandaaji kama anaweza kuchukua nafasi yako.